Nusu Saa ya Bwana Tayari

Kaka yangu ni fundi mzuri, na mpaka leo hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa fundi wa ovyo, wa kupiga nyundo vidole vyake mwenyewe, pampu ile ingekufa mapema, watu wangepiga kelele na mpya ingenunuliwa. Lakini alikuwa na mikono ambayo mama aliisifu kwa kila mgeni aliyeingia kwetu, na sifa zile zilimwingia mwilini zikakaa.

Nyumbani tulikuwa na pasi moja na cherehani moja, na vyote viwili vilikufa na kufufuka mikononi mwake mara nisizoweza kuzihesabu. Mkanda wa cherehani ukikatika, anakata utepe kwenye tyubu ya baiskeli. Pasi ikizima, anaifungua mezani huku sisi wengine tumesimama na nguo za shule zilizokunjamana. Ukimuuliza, "Kaka, itapona?" anajibu, "Tayari," hata kama bado hajalegeza skrubu ya kwanza. Alipoajiriwa hospitalini wakamwita Bwana Tayari, naye akalipenda jina hilo, meno yote nje. Neno "haiwezekani" sijawahi kulisikia kinywani mwake. Nilikuwa nikilitangaza hilo kwa majirani kwa majivuno, mjinga mimi.

Kazi yake ilikuwa chumba cha mitambo, nyuma ya chumba cha kusafishia damu. Figo zangu mimi ziligoma miaka sita iliyopita. Kwa hiyo yeye alikuwa upande ule wa ukuta akila mshahara, na mimi upande huu nikiwa na sindano mbili mkononi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, masaa manne kila mara. Siku zinazobaki nashona. Mashine za kusafisha damu zinakunywa maji mengi, tena maji yaliyochujwa na kuchujwa tena, na kuna pampu inayoyasukuma mpaka kwenye viti vyetu sita. Juu ya dari kuna tangi la akiba. Pampu ikizima, tangi linatupa maji ya nusu saa, basi.

Pampu zilikuwa mbili. Ya kwanza kuukuu, imebanduka rangi, inanguruma mchana kutwa. Ya pili ilikuwa bado imevaa nailoni iliyokuja nayo, kama kochi la wageni ambalo watoto wamekatazwa kulikalia. Msimamizi wa majengo aliipenda kuliko wanawe. Kila mkubwa akija hospitali, Msimamizi alimpeleka akaione, akaipapasa mgongoni na kusema, "Hii ni ya dharura. Hatuigusi."

Uongo mtupu. Iliguswa tangu mwaka wa kwanza. Kapasita ya pampu kuukuu, ile ya kuipa mota nguvu ya kuanza, ilipoungua, Msimamizi alimwambia kaka, kwa mdomo tu, "Chomoa kwa yule mwenzake, nitaagiza." Kaka akachomoa, pampu ikanguruma, kisha akajaza fomu ya kuomba kapasita mpya. Stoo wakamrudishia fomu na muhuri juu yake: pampu ya akiba ipo nzima, ombi halina haraka. Baadaye ikaja zamu ya beringi. Kisha sili, ile ya kuzuia maji yasivuje, kisha gurudumu la kusukumia maji. Kila safari amri ni ya mdomo, na jibu la stoo ni muhuri ule ule.

Na kulikuwa na fomu ya kila mwezi, ya kwenda makao makuu. Iliuliza kitu kimoja kuhusu mtambo: umesimama mara ngapi kwa zaidi ya nusu saa? Zaidi ya nusu saa! Aliyeitunga hakutaka kusumbuliwa na vijambo vidogo. Sasa kaka yangu, tangi likiwa na maji ya nusu saa, hakuwahi kuvuka dakika ishirini na sita. Mwaka mmoja pampu ilizima mara kumi na moja, nilihesabu kwa masikio yangu nikiwa kitini, na fomu zote kumi na mbili zilikwenda makao makuu zikiwa na sifuri. Msimamizi akapewa cheti cha pongezi. Alikibandika ukutani, karibu na saa.

Siku moja kaka alikuja kwangu nimshonee mfuko wa ovaroli. Nikiwa na uzi mdomoni akaanza kucheka peke yake.

"Yule mwenzake nimemla wote, mdogo wangu. Ndani ya nailoni kabaki ganda."

Nikatoa uzi mdomoni. "Unasema ile ya pili haiwaki?"

"Iwake na nini? Hata nyaya nimechukua."

"Nani anajua?"

"Msimamizi anajua."

"Kwa maandishi?"

"Aa, mdogo wangu. Maandishi ya nini tena? Mimi si nipo?"

Alikuwa anajivunia. Alitaka nimsifu, kama mama. Nilimrudishia ovaroli yake na mfuko umening'inia, nikamwambia amalizie mwenyewe, kwa kuwa yeye ni hodari wa kila kitu.

Mwezi uliofuata makao makuu wakamtuma mhandisi. Binti wa miaka thelathini hivi, miwani mikubwa, buti za kazi zilizokula vumbi kweli. Kazi yake ilikuwa kupiga hesabu ya mitambo ya hospitali zote: kipi kikifa kinaua nini, na kwa muda gani. Alichora visanduku na mistari kwenye kompyuta yake, akaja kukaa kwenye stuli katikati yetu wagonjwa, kwa sababu alitaka kuona viti maji yanapoishia. Hilo lilinipendeza. Wengine huishia ofisini kwenye soda.

Aliyemhoji wa kwanza alikuwa Mama Redio, mwanamke mtu mzima wa kiti cha dirishani, kando yangu. Tulimwita hivyo kwa sababu ya karedio kake alikokaegemeza tumboni masaa yote manne, akikabishia kama mtu mzima mwenzake. Alipunguza sauti, akauliza, "Binti yangu, hiyo michoro inasema tutakufa lini?"

Mhandisi akacheka, lakini akamjibu kwa heshima. "Kitabu cha kiwanda kinasema pampu ya namna hii huharibika kama mara moja kwa mwaka, mama. Tuseme kuitengeneza kunachukua siku nzima. Ili ninyi mkose maji, ile ya pili lazima iharibike siku hiyo hiyo, siku moja kati ya mia tatu sitini na tano. Kwa hiyo kukosa maji kabisa ni kama mara moja kwa miaka mia tatu sitini na tano."

"Ala! Mpaka hapo nitakuwa nimepewa figo mpya na kuzichosha."

Chumba kizima kikacheka. Msimamizi, mikono nyuma, akawa anachekea cheti chake ukutani. Mhandisi akamgeukia kaka yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia grisi.

"Fundi, mara ya mwisho kuiwasha hiyo ya pili ilikuwa lini?"

Swali la mtoto mdogo, na katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kuliuliza. Kaka akamtazama Msimamizi. Msimamizi akatazama dirisha. Mimi nikamtazama kaka, nikamkazia macho mpaka yakaniuma.

"Ipo tayari," akasema kaka.

Mtu aliyefungwa mirija miwili hawezi kusimama akamkunja kaka yake shati. Nilibaki pale na damu yangu ikizunguka nje ya mwili, tena imechemka, nikamsikiliza mhandisi akibofya kompyuta yake na kuiandika pampu isiyokuwepo.

Alhamisi mchana kaka akaja kwangu, akijua kitakachompata. Sikumkaribisha kiti.

"Jana ulikuwa unamdanganya nani?"

"Ningesema nini mbele ya Msimamizi? Nikisema vipuri havimo, watasema nimeviiba."

"Umeviiba umevipeleka wapi? Si vimo kwenye pampu ya pembeni yake!"

"Karatasi haijui hivyo. Sina amri hata moja ya maandishi." Akakaa mwenyewe kwenye marobota ya vitambaa. "Kwani kuna siku ilizima nisifike? Niambie, hata siku moja."

"Ndiyo maana nataka kukupiga na hii pasi! Kila ukituokoa unafuta ushahidi. Wao wanaona sifuri, wanalala usingizi. Ukiteguka mguu je? Ukiitwa msibani safari ya siku mbili? Wewe ndiye pampu ya pili, kaka, na wewe huna mwenzako!"

Alichukua pasi iliyokuwa mkononi mwangu, akaigeuza, akaona waya umechubuka, akaanza kuufunga utepe. Nilimpokonya. Nadhani kumpokonya kule ndiko kulikomwingia kuliko maneno.

Ijumaa alimpa mhandisi barua ya ukurasa mmoja na nusu, kwa herufi zake kubwa za mtoto wa darasa la tatu: kila kipuri, tarehe kilipochomolewa, na nani alisema chomoa. Mhandisi aliisoma akiwa amesimama. Akasema, "Hesabu yangu yote ilikuwa upuuzi," akarudia visanduku vyake upya siku hiyo hiyo. Ile miaka mia tatu sitini na tano ikaisha, ikawa wakati wowote kuanzia sasa. Aliwaandikia wakubwa mambo mawili: nunueni pampu mara moja, na msimwadhibu fundi, la sivyo hakuna fundi atakayesema ukweli tena.

Wakubwa walifanya la pili kinyume, na la kwanza nusu. Kaka alisimamishwa kazi "kupisha uchunguzi wa upotevu wa vipuri", akanyang'anywa kitambulisho cha getini. Na pampu, tukaambiwa, imeingia kwenye mchakato. Nalichukia neno hilo. Kitu kikiingia kwenye mchakato, hakuna mtu tena wa kumshika koo. Chumba cha mitambo akapewa fundi wa taa, mtu mpole, aliyeiogopa pampu ile kama ng'ombe mkali.

Ijumaa ya tatu, saa nne asubuhi, tukiwa tumemaliza saa moja tu mashineni, mngurumo wa ng'ambo ya ukuta ukakatika.

Sote sita tukatazama juu, kwenye tangi. Sista, muuguzi wetu, akakimbia kufungua tangi. Fundi wa taa akaingia ndani, akatoka, akaingia tena, mikono ikimning'inia. Msimamizi akaja anatweta na simu sikioni, na dakika chache baadaye nikamwona kaka mlangoni, sanduku la vifaa mkononi, shati limefungwa vifungo vilivyopishana. Msimamizi alikuwa amemfungulia geti kwa mkono wake mwenyewe.

"Fanya kama kawaida yako, Bwana Tayari," akamwambia, akimpiga bega. "Mambo ya barua tutayamaliza kiutu uzima."

Nikatazama saa, pale kando ya cheti. Zilibaki dakika kumi na nane.

"Usiiguse," nikasema.

"Mdogo wangu..."

"Usiiguse! Ukiiwasha leo, barua yako inafungiwa maandazi kesho. Tutarudi pale pale."

Msimamizi akanijia. "Dada, unajua unachosema? Kuna wagonjwa sita humu."

"Najua kuhesabu. Mimi ni mmoja wao. Sista aturudishie damu yetu. Wewe tafuta gari, kesho utupeleke hospitali nyingine tukamalizie, na hukohuko kwenye mchakato wako ukatoe pampu."

Akatazama pembeni, akaona Sista anamsikiliza, na wagonjwa, na fundi wa taa. "Gari litakuwepo kesho asubuhi," akasema. "Nawaapia."

Mama Redio alizima redio yake. Sikumbuki siku nyingine aliyoizima kabla ya wakati. Akasema taratibu, "Mwanangu, mimi Jumatano sikuja. Tulikuwa na mazishi."

Nilimsikia. Sitaki mtu aniambie kwamba labda sikusikia. Nilikuwa namkazia macho Msimamizi, nimemweka ukutani, miaka yote ile ya nailoni na mihuri naiona usoni kwake, na hasira imekuwa tamu. Nikajibu bila kugeuza shingo: "Kesho gari linakuja, mama."

Wale wengine waliguna kukubali. Kaka akatuzungukia kwa macho, akaliweka sanduku lake chini, akakaa juu yake. Sista akaturudishia damu mmoja mmoja, na maji ya tangi yakaisha.

Jumamosi gari halikuja, dereva alikuwa safarini. Jumapili lilikuwepo, ila hakuna wa kusaini lichukuliwe. Kaka alishinda getini siku zote mbili akipigana kwa mdomo na walinzi, safari hii akiomba aingie aiwashe pampu kwa vyovyote, na safari hii Msimamizi hakupatikana kwenye simu. Mimi nilikuwa nakunywa maji kwa kijiko, miguu imejaa, naamka kila mara kukaa ili nipate pumzi. Jumatatu asubuhi binti yake Mama Redio akampigia Sista kumuuliza mama ale nini apunguze kuvimba, na kabla Sista hajamaliza kujibu akasikia vilio upande wa pili. Yule mama tangu Jumatatu iliyotangulia alikuwa amepata saa moja tu ya mashine. Gari lilifika Jumanne. Tulipanda watano.

Baada ya siku tisa pampu zikaja. Mbili, mpya! Zile zile zilizokuwa hazipatikani, zisizo na haraka, zilizopotea kwenye mchakato, zikashushwa asubuhi moja na watu wanne waliokuwa wanapiga mluzi. Siku ya kwanza kuunganishwa nazo nililia kwa hasira mpaka Sista akasitisha mashine kunipima presha.

Taarifa ya mwezi ilikwenda makao makuu hivi: hitilafu, moja, madhara kwa wagonjwa, hakuna. Mama Redio alifia nyumbani kwake, kwa hiyo mstari wa madhara haukumhusu. Sista ndiye aliyenionyesha, na mhandisi aliporudi nikamwomba akae kwenye ile stuli yake.

Nikamweleza yote. Gari, saini, geti. Alikuwa anaandika haraka, uso umemwiva, na nikaona naye ana hasira za kutosha. Nilipofika kwenye maneno ya Mama Redio akasimamisha vidole.

"Hilo si lazima liingie, dada. Wewe ulikuwa mgonjwa."

"Andika. Andika kwamba alisema Jumatano hakuja, na kwamba mtu aliyekaa karibu naye alisikia, akamjibu bila kumgeukia. Na kwamba humu ndani hakuna hata mmoja mwenye kazi ya kuuliza nani alikosa."

"Fomu haina mstari wa namna hiyo."

"Basi wewe si ndiye mchoraji wa mistari? Uchore."

Akauchora. Ulipitishwa baada ya miezi mitano, na kwa hilo namheshimu.

Kaka alirudishwa kazini na barua ya onyo juu. Siku ya kwanza alizichana nailoni za pampu zote mbili kwa kisu, Msimamizi akimtazama. Kuhusu ile Ijumaa hajaniambia neno, wala la lawama wala la kunifariji, na mimi sijathubutu kumuuliza kama dakika zile kumi na nane zingemtosha. Najua zingemtosha. Hakuwahi kuvuka ishirini na sita, na kuna siku alimaliza kwa tisa.

Siku hizi kila Jumatatu anazima pampu moja na kuwasha nyingine, ili kila moja ifanye kazi na ijulikane hali yake. Haanzi mpaka apite kwetu. Anavua kofia, anasimama mbele ya kila kiti, na fomu mpya mkononi. Anaanzia dirishani, alipo sasa mwalimu mmoja mstaafu asiyejua kwa nini yeye ndiye huulizwa kwanza.

"Mara iliyopita ulikuja?"

"Nilikuja," anasema mwalimu.

Kisha anafika kwangu. Ijumaa alinileta mwenyewe kwa baiskeli yake, akanirudisha. Lakini anauliza vile vile, kalamu tayari.

"Mara iliyopita ulikuja?"

"Nilikuja, kaka."

Anaandika, anakwenda kwa anayefuata, na mimi nageuza shingo kusikiliza atakachojibu.